Shajara ya mradi: kupunguza kazi ya testi kwenye programu ya malipo ya korosho

Tunaandika programu inayotumiwa na vyama vya msingi vya ushirika mkoani Mtwara kupokea korosho, kutunza kumbukumbu za uzito na daraja, na kukokotoa malipo ya mkulima baada ya mnada. Ofisi iko Ligula, mjini Mtwara, chumba kimoja, waandishi wa msimbo watatu. Shajara hii inafuatilia jambo moja: kuzifanya testi, yaani programu fupi zinazokagua kama msimbo wetu unafanya kazi sawasawa, ziwe nyepesi kiasi kwamba mtu anaziendesha kila akibadilisha mistari miwili mitatu, bila kusubiri usiku wa kufunga toleo jipya. Naweka amri, mipangilio na bei ili timu nyingine ndogo, iwe Lindi, Masasi au kwingineko, inakili inachotaka. Tunatumia lugha ya Python, pytest (zana ya kuendesha testi) na PostgreSQL (programu ya kanzidata, yaani ya kutunza data).

9 Juni 2025: Tulipo

Testi tunazo nyingi tu, ila haziendeshwi. Kwenye laptopu ya kawaida ya hapa ofisini zote zinachukua dakika 23. Nimekaa na wenzangu, kila mmoja akaeleza kinachomchosha. Mmoja alitaja kusubiri. Mwingine alitaja kuandaa data: ili kupima fanksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) ya mistari mitano, lazima kwanza utengeneze chama, msimu, ghala, mkulima na hati ya mapokezi. Wote wawili wakalalamikia ujumbe unaotoka testi ikianguka, kwamba unajua kuna kosa lakini hujui kosa liko wapi. Tutakwenda kwa mpangilio huohuo. Anayesubiri dakika 23 hana hamu ya kusikia habari za testi iliyoandikwa vizuri.

Shabaha: kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba, testi zote ziishe chini ya dakika mbili, kwenye laptopu, bila intaneti. Sharti la mwisho ni la lazima. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, kazi zilizotegemea seva za nje zilisimama. Testi inayohitaji mtandao ili kukuambia kama kujumlisha ni sahihi haitufai huku kusini.

17 Juni: Muda unaliwa na nini

Amri ya kwanza ya kuendesha ni `pytest --durations=20`. Inaorodhesha hatua zilizokula muda mwingi zaidi, na inatenganisha maandalizi na testi yenyewe. Karibu orodha yote ilikuwa maandalizi. Kila testi ilikuwa inaijenga kanzidata upya kuanzia sifuri, ikipitia faili zote za mabadiliko ya muundo wake tangu siku programu ilipozaliwa. Testi yenyewe ilikuwa inamaliza kabla hujapepesa jicho.

Tulijaribu kwanza kuziendesha sambamba kwa pytest-xdist, maana ndilo jibu linalotolewa haraka na watu wengi. Kwa kichakataji chenye kori mbili faida ilikuwa ndogo, na testi zikaanza kugombania kanzidata moja: moja inafuta wakulima, nyingine inawahesabu. Tumeiweka kando.

28 Juni: SQLite tumeiacha

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Badala ya PostgreSQL, testi zitumie SQLite, kanzidata nyepesi, ndani ya RAM, haina seva wala diski. Muda ulishuka hadi chini ya dakika moja, na kila testi ikapita. Hapo ndipo tulipoingiwa na wasiwasi, kwa sababu baadhi ya testi hizo tulijua zinapaswa kuanguka.

Sababu ni mbili, na anayefikiria njia hii azijue mapema. Kwanza, SQLite kwa kawaida haikulazimishi aina ya data. Safu ukiitangaza kuwa ya namba kisha ukaingiza neno "hamsini", italipokea tu, wakati PostgreSQL italikataa papo hapo. Pili, SQLite haina aina ya namba ya desimali kamili. Safu ya NUMERIC ikipata 78.35 inaitunza kama namba ya nukta inayoelea, ambayo mara nyingi inakaribia tu thamani halisi, na kwenye hesabu za pesa hilo ni hatari: ni ugonjwa uleule unaofanya Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 itoe 0.30000000000000004. Tulikuwa na testi za haraka zinazopima programu nyingine kabisa, si ile inayomlipa mkulima.

Tumerudi PostgreSQL. Kanzidata inajengwa mara moja tu mwanzoni mwa kuendesha, halafu kila testi inafungua muamala wake (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), inafanya mambo yake, na mwisho muamala unatenguliwa. Hakuna kinachobaki, hakuna cha kusafisha. Kwenye pytest ni fikscha (fanksheni za maandalizi ya testi) mbili: ya kujenga ina `scope="session"`, ya muamala inaachwa kwenye kiwango cha kawaida cha kila testi. Muda: dakika 4 na sekunde kadhaa.

6 Julai: Umeme ukakatika

Ili kubana zaidi tulizima `fsync`, `synchronous_commit` na `full_page_writes` kwenye PostgreSQL. Mipangilio hii ndiyo inayohakikisha data imefika kweli kwenye diski kabla kanzidata haijasema tayari, na kwamba inaweza kurekebishwa umeme ukikatika katikati ya kuandika. Kwa data ya testi, ambayo ni ya kutupwa, hatuhitaji uhakika huo. Muda ukashuka vizuri.

Ijumaa jioni umeme ukakatika ghafla. Laptopu moja ina betri iliyokufa, ikazimika palepale, na ilipowashwa PostgreSQL ikagoma kuamka kwa sababu mafaili yake yameharibika. Kwenye seva hiyohiyo mwenzetu alikuwa na kanzidata yake ya kazi, nakala ya majaribio aliyoiandaa kwa wiki nzima. Ikaenda nayo.

Mipangilio ile tumeibakiza, ila ina nyumba yake. Sasa kuna PostgreSQL ya pili, kwenye poti (namba ya kuunganishia) 5433, yenye folda yake ndani ya tmpfs, yaani kwenye RAM tupu. Kompyuta ikizimika folda inatoweka, na skripti fupi inaiunda tena kwa `initdb` ndani ya sekunde chache. PostgreSQL ya kwanza, kwenye poti 5432, ina data ya watu na `fsync` yake haiguswi. Tumeongeza pia ulinzi kwenye fikscha: testi zikikuta zimeunganishwa na poti isiyo 5433, zinakataa kuanza. Atakayenakili kitu kimoja tu kutoka shajara hii, anakili ulinzi huu.

Muda sasa: dakika 1 na sekunde 50. Gharama hadi hapa: RAM ya ziada ya laptopu moja, shilingi 70,000.

19 Julai: Data ya testi

Tulikuwa na faili moja kubwa la JSON lenye wakulima, magunia na stakabadhi za mfano, na testi zote zililitegemea. Ubaya wake uko hivi: mtu anabadilisha uzito wa mkulima wa saba ili testi yake ipite, testi nyingine sita zisizohusika zinaanguka. Kila mtu akawa analiogopa faili lile, na badala ya kuligusa anaongeza mkulima mwingine chini.

Tumelifuta. Mahali pake pana fanksheni ndogo za kuunda vitu, zenye majibu ya kawaida kwa kila usichokitaja. Ukiandika `pokezi(kilo_ghafi="79.5")` unapata hati kamili, yenye mkulima, chama, ghala na msimu, na kilichoandikwa kwenye testi ni kilo peke yake, kwa kuwa testi hiyo inahusu kilo. Msomaji anaona kwa jicho moja kinachopimwa. Kuzihamisha testi za zamani ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na cha kusimulia.

9 Agosti: Jedwali la mhasibu

Mwezi huu nimejifunza zaidi safarini kuliko ofisini. Nilipanda basi la Newala linalopita Nanyamba, nauli kwenda na kurudi shilingi 16,000, hadi chama kimoja cha msingi wilayani Tandahimba. Mhasibu wao ni mama wa makamo aliyeanza kazi tangu hesabu zote ziko kwenye daftari. Nilichukua karatasi yenye safu tupu: magunia, kilo ghafi, uzito wa gunia, daraja, bei ya mnada, makato, anachopata mkulima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi, nikujazie zile zinazosumbua. Zile rahisi mnazijua wenyewe."

Akachagua mwenyewe. Mkulima aliyeleta gunia moja na nusu. Mkulima aliyeleta daraja la kwanza na la pili siku moja. Mkulima ambaye makato ya pembejeo yanakaribia kumaliza malipo yake yote. Halafu akaandika mstari huu: gunia moja, ghafi 79.5, gunia kilo 1, bei 2,185. Kilo halisi 78.5. Akazidisha kwa kikokotoo chake, ikaja 171,522.5, akaandika 171,523.

"Hiyo nusu shilingi mama?"

"Nusu tunapandisha. Huwezi kumkata mkulima nusu yake, na shilingi nusu haipo. Siku zote tunapandisha."

Karatasi ile tuliigeuza kuwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), na `pytest.mark.parametrize` inaufanya kila mstari kuwa testi inayojitegemea yenye jina lake. Mstari wa gunia moja ukaanguka mara ya kwanza tu kuendeshwa: programu ilitoa 171,522.

Chanzo chake kinastahili nafasi, maana kimejificha mahali watu hawaangalii. Fanksheni ya `round()` ya Python, namba ikiwa katikati kabisa, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani. Kwa hiyo 171,522.5 inakuwa 171,522, lakini 171,523.5 inakuwa 171,524. Kwa takwimu ni utaratibu unaoeleweka, kwa sababu makosa ya juu na ya chini yanafutana. PostgreSQL nayo, kwenye namba za aina ya NUMERIC, `round()` yake inaipeleka nusu mbali na sifuri, sawa na mama mhasibu. Risiti yetu ilikokotolewa na Python na ripoti ya bodi ya chama ilikokotolewa na PostgreSQL. Kwa hiyo karatasi mbili kutoka programu moja zingeweza kutofautiana shilingi moja kwa mkulima mmoja, na kwenye mkutano mkuu wa wanachama shilingi isiyoelezeka inatosha kuwafanya watu waulize zimekwenda wapi nyingine.

Marekebisho: pesa zote ni `Decimal`, aina ya namba ya desimali kamili, na kuna fanksheni moja tu ya kukadiria shilingi, yenye `ROUND_HALF_UP`, inayopandisha nusu. Ripoti haikokotoi tena, inasoma kilichokwisha kuhifadhiwa.

Ujumbe wa testi hizi tumeuandika kwa maneno ya ghalani. Ikianguka, inasema: "Mstari wa 4: daftari linasema 171,523, programu inasema 171,522, tofauti 1." Malalamiko yale ya tatu ya mwezi Juni yamepungua sana tangu hapo. Na faili la CSV mhasibu mwenyewe analisoma na kulisahihisha bila kumwomba mtu wa kompyuta.

23 Agosti: Kuiachia mashine itunge mifano

Jedwali linapima tulichokifikiria. Kwa tusichokifikiria tumeleta Hypothesis, maktaba ya Python inayofuata njia ya QuickCheck, kazi ya Koen Claessen na John Hughes ya mwaka 2000. Huandiki mfano, unaandika kanuni ambayo lazima iwe kweli siku zote, kisha maktaba inatunga mifano mingi ya kujaribu kuivunja. Ikifaulu kuivunja, inaupunguza mfano ule hadi ubaki mdogo kadiri inavyowezekana.

Tulianza na gharama ya gari la kupeleka mzigo ghala kuu, ambayo chama kile huigawa kwa wakulima wa mzigo huo kulingana na kilo zao. Kanuni: mafungu yote yakijumlishwa lazima yawe sawa na gharama yenyewe. Kanuni ilivunjika mara moja, na mfano uliorudishwa ni huu: wakulima wawili, kilo 1 kila mmoja, gharama shilingi 1. Kila mmoja anadaiwa nusu, nusu inapandishwa, jumla shilingi 2. Ukiusoma huhitaji maelezo mengine. Kukadiria fungu moja moja hakuwezi kuhifadhi jumla, hata kila fungu liwe limekadiriwa sahihi.

Sasa tunagawa kwa kushusha kila fungu kwenye shilingi kamili, kisha shilingi zilizobaki tunawapangia wenye masalio makubwa zaidi. Masalio yakilingana, inatazamwa namba ya stakabadhi, ili mtu akikokotoa tena kesho apate mgawo uleule.

Usumbufu tuliokutana nao: Hypothesis kwa kawaida inahesabu mfano uliozidi milisekunde 200 kuwa kosa. Laptopu ikiwa kwenye betri inapunguza kasi, na testi nzuri zinaanguka bila sababu ya msingi. Weka `deadline=None`. Pia inatunga majina ya wakulima yenye herufi isiyoonekana ambayo kompyuta inaipa namba 0, na ambayo PostgreSQL haiipokei kwenye maandishi. Tumebana herufi zinazotungwa, na kizuizi hichohicho tumekiweka kwenye fomu ya kusajili mkulima.

6 Septemba: Testi zinazoanguka usiku

Mwenzetu anayependa kufanya kazi usiku, bando la usiku likiwa rahisi, alikuwa anaona testi tatu zinaanguka ambazo asubuhi zinapita. Ziliitwa testi zenye mapepo na watu wakazoea kuzirudia. Kuzoea huko kunaua mradi wote huu: mtu akishajifunza kupuuza nyekundu moja, yaani testi iliyoanguka, atapuuza na ya kweli.

Tulipoandika saa za kuanguka tukaona zote ziko kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku. Seva inatunza muda wa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9, huku ni leo na seva bado inasema jana. Hati ya mapokezi ilikuwa inachukua tarehe ya seva. Msimu ukipamba moto malori hushusha hadi usiku wa manane, kwa hiyo kosa lilikuwa la programu na testi zilikuwa sahihi muda wote.

Tarehe ya biashara sasa inatoka kwenye ukanda wa saa wa `Africa/Dar_es_Salaam`, na kila fanksheni inayohitaji saa inapewa saa hiyo kama kigezo, haijitafutii. Kwenye testi tunaipa saa 6 na nusu usiku kwa makusudi.

20 Septemba: Mashine ya ofisi

Hapo awali testi za pamoja ziliendeshwa kwenye seva ya kukodi ya nje, na picha za Docker (programu iliyofungwa pamoja na mazingira yake) zilikuwa zinapakuliwa upya ofisini kila mara. Bando la ofisi lilikuwa linaisha kabla ya wiki. Tumenunua kompyuta ya mezani iliyotumika shilingi 250,000, SSD 75,000, RAM 70,000 na UPS 190,000, jumla 585,000. Vifurushi vya Python vilipakuliwa mara moja kwa `pip download` na vinasakinishwa kwa `pip install --no-index --find-links`, bila kugusa mtandao.

Tulijaribu pia kulazimisha testi ziendeshwe kila mtu anapohifadhi badiliko kwenye Git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Haikufaa. Watu walianza kuzikwepa kwa `--no-verify`, nao wana haki, kwa kuwa kuhifadhi kazi nusu ni jambo la kawaida. Tumehamishia ukaguzi kwenye kusukuma mabadiliko kwenda mashine ya ofisi. Wakati wa kuandika, kila mtu anatumia `pytest --lf`, inayorudia zilizoanguka tu, au pytest-testmon, inayochagua testi zinazoguswa na mistari uliyobadilisha. Mara nyingi ni sekunde tatu nne.

11 Oktoba: Kuzipima testi zenyewe

Ripoti ya testi ilisema mistari yote ya moduli ya malipo inaguswa na testi, asilimia 100. Tukaendesha mutmut usiku kucha. Inaharibu msimbo kidogo kidogo makusudi na kuangalia kama kuna testi itakayopiga kelele. Badiliko la `kilo > 0` kuwa `kilo >= 0` lilipita kimya.

Nilimpigia mama mhasibu kuuliza kama kilo sifuri hutokea. "Inatokea sana," akasema. "Mzigo ukikataliwa kwa ubora, karani anaandika sifuri ili mkulima aonekane alikuja." Programu ilikuwa inakataa sifuri, na kumbe makarani walikuwa wanaingiza kilo 0.01 ili iwapokee. Tumeongeza hali ya "amekataliwa" na mistari miwili kwenye jedwali. Mutmut tunaiendesha kwenye moduli ya malipo peke yake. Kwenye programu nzima haimalizi hadi asubuhi.

2 Novemba: Makato yamebadilika

Minada imeanza. Chama kimebadilisha moja ya makato kutoka asilimia kuwa shilingi kwa kilo. Mhasibu alituma mistari mitano mipya kwa WhatsApp asubuhi, tukaiingiza kwenye CSV, mitano yote ikawa nyekundu, na kabla ya saa 10 jioni ilikuwa kijani na toleo limetumwa Tandahimba. Testi zote sasa ni dakika 1 na sekunde 35.

Kinachofuata ni mizani ya kidijitali inayounganishwa kwa waya. Hadi leo inapimwa kwa mtu kubeba gunia. Tumeanza kurekodi kwenye faili kila baiti inayotumwa na mizani wakati wa kupima, pamoja na zile sekunde ambazo namba inacheza kabla ya kutulia, ili tuzicheze tena kwenye testi bila mizani wala gunia. Rekodi za gunia likiwekwa taratibu tayari zinasomeka vizuri. Za gunia lililotupwa kwa kishindo bado zinatoa uzito mkubwa kuliko halisi, na hapo ndipo tunapofanyia kazi wiki hii.